Macho Mekundu: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku Kwenye Kliniki ya Macho

Maswali haya yametoka kwa wagonjwa, kina mama wenye watoto mgongoni, walimu, makondakta wa daladala, na ndugu wanaopiga simu usiku. Nimeyajibu jinsi ninavyowajibu wao ana kwa ana.

Macho mekundu ni ugonjwa mmoja au mingi?

Weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope vimefunikwa na utando mwembamba, unaopitisha mwanga kama ngozi ya kitunguu. Utando huo unaitwa konjaktiva. Ndani yake mna vishipa vidogo vya damu ambavyo siku za kawaida huvioni. Utando ukiwashwa au ukishambuliwa na vijidudu, vishipa hivyo hujaa damu, jicho huwa jekundu, machozi humwagika, na asubuhi unaamka kope zimegandishwa na matongotongo. Hali hiyo ndiyo konjaktivitisi.

Kwa hiyo hilo ni jina la hali, na hali hiyo ina visababishi vingi. Dawa iliyomponya jirani yako inaweza isiwe na kazi yoyote kwenye jicho lako.

Husababishwa na nini?

Mara nyingi kwa watu wazima ni virusi. Vinavyoongoza ni virusi vya adeno, ambavyo ni ndugu wa vile vinavyoleta mafua na koo kuuma. Ndiyo maana mtu huanza na mafua, kisha jicho moja, na baada ya siku mbili tatu la pili. Kuna pia virusi vya jamii ya entero, hasa koksaki A24 na entero 70. Hivi huja kwa kishindo: ukiambukizwa leo, kesho au keshokutwa macho yameshavimba, na wakati mwingine damu huvilia kwenye weupe wa jicho. Inatisha kuitazama, lakini damu ile hufyonzwa yenyewe na kwa kawaida haiachi kovu.

Bakteria hupatikana zaidi kwa watoto. Usaha wao ni mzito, wa njano au wa kijani, na ukiufuta unarudi baada ya muda mfupi.

Mzio nao una sehemu kubwa: vumbi, chavua, moshi, manyoya ya wanyama. Na kuna vitu vinavyoingia jichoni na kuunguza: sabuni, pilipili, saruji, chokaa, maji ya betri. Huku hakuna maambukizi, lakini chokaa na maji ya betri ni dharura kuliko vyote nilivyotaja hapa. Ukimwagikiwa, usitafute dawa kwanza. Fungua jicho chini ya maji safi yanayotiririka, endelea kusuuza kwa nusu saa nzima, ndipo ukimbilie hospitali.

Mbona wengine wanauita Apollo?

Mwaka 1969 ugonjwa wa macho mekundu yenye kuvilia damu ulizuka Ghana na kuenea haraka. Ulikuwa mwaka uleule chombo cha Apollo 11 kilipotua mwezini, watu wakaubatiza jina hilo, na hadi leo linatumika Afrika Magharibi na Kongo. Kwetu Tanzania wengi husema "red eyes". Mwanzoni mwa 2024 karibu kila nyumba ya Dar es Salaam ilikuwa na mtu mwenye miwani myeusi, na Wizara ya Afya ikatoa tahadhari kwamba ni virusi. Wimbi hilo lilionekana pia Mombasa, Uganda na kisiwani Mayotte miezi hiyohiyo ya mwanzo wa mwaka. Kliniki zilijaa watu ambao wengi wao wangepona nyumbani, na katikati ya umati ule walikuwamo wachache waliohitaji kweli kuonwa haraka. Hilo ndilo lililonifanya niandike haya.

Nikimtazama mwenye macho mekundu nitaambukizwa?

Hapana. Ugonjwa haupiti kwenye mtazamo. Unapita kwenye mkono: amefuta chozi, ameshika bomba la daladala, wewe umeshika palepale, kisha umejifikicha jicho. Miwani myeusi humpunguzia mgonjwa makali ya mwanga, basi. Mgonjwa aliyevaa miwani lakini hanawi mikono ataambukiza kama kawaida.

Nitajuaje wangu ni wa aina gani?

Huwezi kuwa na uhakika wote nyumbani, hata sisi wakati mwingine tunakosea kwa kutazama tu. Lakini jicho husema mengi.

Jiulize kwanza: linawasha au linachoma? Kuwashwa kunakokufanya ushindwe kuacha kujikuna, macho yote mawili kwa pamoja, na pengine chafya juu yake, huelekeza kwenye mzio. Kuchoma na kukereketa kama mchanga, machozi mengi ya majimaji, kuanzia jicho moja, na kivimbe kidogo kinachouma mbele ya sikio, huelekeza kwenye virusi. Kile kivimbe ni tezi. Ibonyeze taratibu upande wa jicho linaloumwa. Ukiisikia, umepata dokezo zuri. Usaha mzito mchana kutwa, kope zikigandana hata baada ya kuoshwa, huelekeza kwenye bakteria. Kugandana asubuhi tu hakutoshi kusema ni bakteria, maana aina zote hufanya hivyo.

Halafu kuna kipimo ambacho kila mtu anaweza kukifanya na kina thamani kubwa. Funika jicho moja, soma maandishi yaliyo mbali kidogo, kalenda ya ukutani au bango la duka. Badilisha. Jicho lenye konjaktivitisi ya kawaida likifutwa matongotongo linaona vizuri. Likiwa halioni sawasawa hata baada ya kulisafisha, hilo si la kusubiri.

Dalili zipi zinanipeleka hospitali leo hii, si kesho?

Kuona kumepungua. Maumivu makali ya ndani ya jicho, tofauti na kukereketa. Mwanga unaumiza kiasi cha kushindwa kufungua jicho. Kuna doa jeupe au la kijivu kwenye kile kioo cha mbele ya sehemu nyeusi ya jicho. Mboni za macho mawili hazilingani ukubwa. Jicho limepigwa, limechomwa na kijiti, au chuma kimeruka wakati wa kuchomelea. Kuna malengelenge usoni karibu na jicho. Jicho jekundu pamoja na kichwa kuuma na kutapika, kwa mtu wa makamo, linaweza kuwa presha ya macho iliyopanda ghafla, na hapo saa chache tu zinaweza kuamua kama ataona au hataona.

Mtoto wa chini ya mwezi mmoja mwenye jicho lenye usaha anaonwa siku hiyohiyo, hata kama anaonekana mchangamfu.

Na mtu anayevaa lenzi za kuweka jichoni: jicho likiwa jekundu, toa lenzi, usirudishe, nenda. Kuna bakteria wapendao lenzi ambao hula kioo cha jicho kwa siku moja au mbili.

Hospitali watanipima nini?

Wengi hutarajia damu ichukuliwe na hushangaa ikiwa haikuchukuliwa. Ugonjwa huu hutambuliwa zaidi kwa maswali na macho ya mtaalamu. Utaulizwa umeanza lini, jicho lipi, nani mwingine nyumbani anaumwa, umeweka nini jichoni. Hilo la mwisho usilifiche. Hatukuulizi ili tukugombeze.

Kisha utasomeshwa herufi ukutani, jicho moja moja. Kope itageuzwa kutazama upande wake wa ndani. Ikiwezekana utaweka kidevu kwenye darubini ya macho yenye mwanga mwembamba. Huenda ukatiwa rangi ya chungwa ambayo chini ya mwanga wa bluu hung'aa kijani mahali kioo cha jicho kilipochubuka au chenye kidonda. Rangi hiyo haidhuru, machozi huiondoa. Usaha hupelekwa maabara kwa watoto wachanga, kwa ugonjwa mkali, au pale dawa zilipogoma.

Dawa yake ni nini?

Kwa virusi vya adeno na vya entero hakuna dawa inayoviua, na jicho halihitaji. Mwili unavishinda wenyewe. Vile vya kishindo huisha ndani ya wiki moja hivi. Vya adeno vinaweza kuchukua wiki mbili hadi tatu, na siku ya nne au ya tano hali huwa mbaya kuliko ya kwanza. Nawaambia wagonjwa hivyo mapema, kwa sababu ni siku hiyo ya tano ndipo wanapokata tamaa na kuanza kuhangaika na kila kitu. Cha kufanya ni kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi juu ya macho yaliyofumba, machozi ya bandia kutoka duka la dawa ukimudu, na parasetamoli kwa maumivu. Baada ya adeno, baadhi ya watu hubaki na vidoa kwenye kioo cha jicho vinavyoleta ukungu kwa wiki au miezi; hao warudi kwa daktari wa macho.

Kwa bakteria, matone ya kloramfenikoli au mafuta ya tetrasaiklini ya macho hufanya kazi. Kwa kawaida kloramfenikoli huwekwa tone moja kila baada ya saa mbili kwa siku mbili za kwanza, kisha hupunguzwa, na huendelea kwa siku mbili baada ya jicho kupona. Hata bila dawa wengi hupona ndani ya siku saba hadi kumi. Dawa hufupisha safari na hupunguza kuambukiza. Ikiwa siku tatu zimepita na hakuna nafuu, rudi, usibadilishe chupa kwa kubahatisha.

Kwa mzio, jiepushe na kinachokuchokoza, kanda maji ya baridi, na tumia matone ya kuzuia mzio utakayoandikiwa. Antibayotiki hapo haina kazi.

Nilipewa dawa dukani, jicho likatulia siku hiyohiyo. Kuna ubaya gani nikiendelea nayo?

Inawezekana mkubwa sana, na hili ndilo swali ninalotamani lingeulizwa zaidi. Dawa inayong'arisha jicho kwa siku moja mara nyingi ina steroidi. Soma kisanduku: ukikuta deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni au haidrokotisoni, hiyo ni steroidi, hata kama imechanganywa na antibayotiki kama neomaisini.

Steroidi huzima wekundu bila kuondoa kisababishi. Kama ndani ya jicho kuna kidonda cha virusi vya hepesi au cha fangasi, steroidi huwafungulia mlango wale wadudu wakajilia kioo cha jicho huku wewe ukiona jicho jeupe na kushukuru. Ukiitumia kwa wiki na miezi, hupandisha presha ya macho, na presha hiyo huua mshipa wa kuonea kimyakimya bila maumivu. Huleta pia mtoto wa jicho hata kwa kijana. Nimemhudumia mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa akinunua chupa ileile kwa zaidi ya mwaka kwa sababu ya mzio. Alipofika, jicho moja lilikuwa limebakiwa na tundu dogo la kuonea katikati, kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kilichopotea hakirudi kwa upasuaji wala kwa miwani.

Steroidi ni dawa nzuri mikononi mwa mtu aliyekutazama jicho kwa darubini na anayekupima presha yake kila unaporudi. Dukani hakuna darubini.

Maziwa ya mama, chai ya rangi, maji ya chumvi, mkojo, mshubiri: vipi hivyo?

Usiviweke. Najua maziwa ya mama hutoka mahali pa upendo, na bibi aliyeshauri hakukusudia mabaya. Lakini maziwa ni chakula kitamu cha bakteria, na mkojo unaweza kuwa na vijidudu vya kisonono, ambavyo ni kati ya vichache vinavyoweza kupenya kioo cha jicho kisichokuwa na mchubuko. Majani yaliyopondwa huja na fangasi wa shambani. Chumvi ikizidi huunguza.

Kusafisha matongotongo, chemsha maji, yaache yapoe, lowesha pamba au kitambaa safi, futa kutoka upande wa pua kwenda nje, kisha tupa au fua. Kila jicho na kipande chake.

Mtoto wangu ana siku nne, macho yamevimba na yanatoa usaha.

Acha kusoma, mpeleke. Mtoto huweza kupata vijidudu vya kisonono au klamidia wakati akipita njia ya uzazi. Kisonono hujitokeza zaidi kati ya siku ya pili na ya tano, klamidia kuanzia siku ya tano hadi wiki ya pili. Kisonono kinaweza kutoboa jicho la mtoto mchanga haraka sana, na matone peke yake hayatoshi. Mtoto huhitaji sindano. Mwenye klamidia hupewa dawa ya kunywa, kwa kuwa wadudu hao huweza kushuka hadi mapafuni. Mama na baba nao hutibiwa, bila kulaumiana.

Mkunga anapompaka mtoto mafuta ya tetrasaiklini machoni ndani ya saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, anakinga jambo hili. Wazo hilo ni la Carl Credé wa Leipzig, aliyeanza mwaka 1880 kuwatia watoto matone ya nitrati ya fedha, na upofu wa watoto wachanga ukapungua mno. Kama umejifungulia nyumbani na mtoto hakupakwa, mwambie mhudumu wa kwanza utakayekutana naye.

Tofauti na hao ni mtoto ambaye jicho lake ni jeupe kabisa ila hulengalenga machozi na kutoa utandoutando. Huyo mara nyingi njia yake ya machozi haijazibuka. Utafundishwa kumkanda taratibu kwenye kona ya jicho karibu na pua, na wengi huzibuka kabla ya mwaka mmoja.

Mwanangu wa miaka saba anajikuna macho mwaka mzima, weupe umekuwa wa kahawia.

Huo ni mzio wa macho wa watoto, tunauona sana Afrika Mashariki, hasa kwa wavulana. Ukimgeuza kope ya juu unakuta vinundu kama mawe yaliyopangwa. Haumwambukizi mtu, hivyo asitengwe na wenzake wala asifukuzwe darasani. Wengi hupungukiwa na ugonjwa wakifikia balehe, lakini miaka ya katikati ni mirefu na mama huchoka. Ni watoto hawa hasa wanaoishia kwenye chupa za steroidi nilizozitaja. Mfundishe kukanda maji ya baridi badala ya kufikicha, maana kufikicha kwa miaka huweza kupinda kioo cha jicho, na mlete kliniki kila alipopangiwa.

Ana macho mekundu, homa, kikohozi na mafua makali. Ni macho tu hayo?

Fikiria surua, hasa kama hakukamilisha chanjo. Vipele hutokea baadaye, kuanzia nyuma ya masikio na usoni. Mtoto mwenye surua hupewa vitamini A siku mbili mfululizo, kwa sababu surua ikikutana na upungufu wa vitamini hiyo huweza kumpofusha. Mwambie mhudumu getini kabla hamjakaa kwenye benchi na watoto wengine.

Vikope ndiyo haya macho mekundu?

Vikope, au trakoma, nao ni konjaktivitisi, wa bakteria aina ya klamidia, lakini mwendo wake ni wa miaka. Mtoto huambukizwa tena na tena kupitia mikono, kanga ya kufutia uso na nzi. Upande wa ndani wa kope huota makovu, kope hujikunja, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Ukifika Kongwa mkoani Dodoma utakutana na bibi wanaotembea na kibano cha kung'olea nywele hizo. Tiba ni upasuaji mdogo wa kugeuza kope, azithromaisini inayogawiwa kijiji kizima, kunawisha watoto nyuso, na maji na vyoo. Inawezekana kuumaliza: mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Burundi imeutokomeza kama tatizo la afya ya jamii.

Niache kazi? Mtoto akae nyumbani?

Kwa virusi, ndiyo ikiwezekana, hadi machozi na usaha vikome. Wiki mbili za kwanza za adeno bado unaambukiza. Najua mama ntilie hawezi kufunga biashara wiki mbili. Basi awe na ndoo ya maji na sabuni karibu, anawe kila anapogusa uso, na amwachie mwingine kupakua chakula.

Nyumbani kila mtu awe na taulo lake, na foronya ya mgonjwa ifuliwe peke yake kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Wanja, kope za bandia na miwani visiazimwe. Vitakasa mikono vya spiriti havifui dafu sana mbele ya virusi hivi. Sabuni na maji ni bora zaidi. Vitasa, simu na rimoti vifutwe kwa maji yenye klorini, maana virusi vya adeno hukaa hai kwenye vitu kwa siku nyingi.

Jicho langu moja ni jekundu miezi sasa, na kuna kinyama kinaota.

Huenda ni kinyama cha jua na upepo, kisicho na hatari kubwa. Lakini Afrika Mashariki tuna saratani ya konjaktiva kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia, ikihusishwa na jua kali na VVU. Kinachokua, chenye utando mweupe juu yake au mishipa minene inayokielekea, kionwe na daktari wa macho, na ukubali kupima VVU ukiombwa.

Namna sahihi ya kuweka matone?

Nawa mikono. Inua uso, vuta kope ya chini ipate kikombe, dondosha tone moja humo bila ncha ya chupa kugusa kope wala nywele. Fumba jicho taratibu na bonyeza kona ya karibu na pua kwa dakika moja, dawa isishukie kooni. Tone moja linatosha; jicho haliwezi kubeba zaidi, la pili hutiririka shavuni. Kama una dawa mbili, subiri dakika tano kati yake. Mafuta hufuata mwisho.

Nimepona. Chupa iliyobaki niiweke?

Itupe. Matone mengi ya macho yakishafunguliwa hayazidi siku 28, na ncha ya chupa hiyo imekuwa karibu na jicho lenye ugonjwa. Andika tarehe kwa kalamu siku unapoifungua. Na mdogo wako akikuomba umdondoshee kidogo kwa sababu naye amevimba jicho, mpeleke aonwe lake.